Taa ya Kumulikia Chini ya Ziwa

Mimi nina mdomo. Ufukwe mzima wanalijua hilo. Nimefinyanga vyungu tangu utotoni, na nimegombana na kila aliyetaka kunipunja, hasa wakulima wa Ikolo wanaoleta mchele nusu mawe wakitaka chungu kizima. Nalitaja mapema kwa sababu habari hii ni ya siku moja niliyonyamaza.

Ilikuwa enzi za Wadachi, kabla vita haijatufikia. Mume wangu alikwenda kutega wavu kwenye miamba, pale mto unapomwaga maji ya mvua ziwani. Mtumbwi ukarudi na upepo, hauna mtu. Wanaume wakapiga mbizi siku tatu. Kwetu mlima unashuka mpaka majini na humo majini unaendelea kushuka, hakuna pa kukanyaga. Walitoka macho mekundu, mikono mitupu.

Mama mkwe akakataa kilio. "Nimlilie nani? Nionyesheni maiti!" Kila siku alimwekea mwanawe ndizi na samaki, akafunika kwa kawa. Basi mimi nikawa si mke, si mjane. Sikunyolewa nywele, hakuna aliyekuja kunipa pole. Nilichokitaka duniani ni kitu kimoja tu: aonekane, tumzike.

Ndipo akaja Mdachi mmoja, mpenda samaki. Si kuwala, jamani, kuwapiga picha humo humo majini! Alikuwa na sanduku la shaba lenye jicho la kioo, linateremshwa kwa kamba. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Lakini shida yake haikuwa sanduku. Chini kule ni giza hata mchana wa jua kali, na hakujua achague taa gani.

Alinijia na mkalimani wake, mwanamume wa misheni, akitaka kikalio cha udongo cha kuzamishia taa. Nikamwambia mkalimani, "Mwambie nitafinyanga, na sitaki malipo. Ateremshe sanduku pale alipopotelea mume wangu." Mdachi akavua kofia, akaitikia. Nikasema ndaga, asante ya kwetu, ndaga sana. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kwanza alijaribu kioo cha kujitazamia, kikubwa kama ungo, akilitupa jua majini. Mwanga ukaenda pima moja, ukafa. Kisha akafungia chemli ndani ya chupa nene, akaziba kwa nta, akaishusha. Haikufika mbali ikazimika. Moto nao unataka pumzi, hilo hata mtoto anajua, lakini Mdachi alishangaa. Taa ya tatu ndiyo aliyoitegemea: utepe wa madini unaowaka mweupe kama jua, ndani ya chupa iliyojazwa hewa. Tepe nyingine zote zilikuwa zimeingia unyevu njiani. Uliobaki mkavu ulikuwa mmoja.

Tukaenda kwenye mwamba, mimi nimekaa katikati ya mtumbwi nimepakata kikalio changu. Nikamwona Mdachi anakifunga chini ya sanduku, kisha anafunga ile chupa juu kabisa ya jicho lake, vimegusana.

Kosa nililiona hapo hapo! Mfinyanzi akitaka kuona ufa kwenye chungu, hakimuliki usoni. Ukikimulika usoni kinang'aa chote, utaapa ni kizima. Unaleta mwanga kutoka ubavuni, na hapo ufa mwembamba kama unywele unajitokeza wenyewe. Na maji yale yalikuwa yamejaa udongo wa mto, udongo ninaoujua mimi. Mwanga ungeukuta udongo kwanza, ukarudi moja kwa moja kwenye lile jicho.

"Mwambie aiweke taa pembeni," nikasema. "Hata mkono mmoja tu, pembeni."

Mkalimani hakugeuza hata shingo. "Mama, Mdachi hafundishwi na mfinyanzi. Akikasirika tunarudi sasa hivi, na mumeo atabaki huko."

Nikanyamaza. Mimi! Niliogopa kunyimwa hata kile kidogo. Nilishika ukingo wa mtumbwi nikameza maneno yangu yote, nikatazama kamba ikiteremka. Halafu maji yakawaka chini yetu, meupe kama uji. Mdachi akapiga makofi. Mimi nililia, na yeye akadhani ni furaha.

Picha alikwenda kuisafisha bomani, juu milimani. Mvua zikaisha, mpunga ukavunwa, ndipo mkalimani akaileta. Hakukaa hata kunywa maji.

Ilikuwa nyeupe. Karatasi nzima ni weupe mtupu, kama ukungu wa asubuhi. Ila kwenye pembe moja ya chini, pale mwanga ulipopita ubavuni mwa jiwe, palionekana wazi: kokoto, kisha chubwi tatu za udongo, zile za kuzamishia wavu. Kila moja ina alama ya kidole gumba. Gumba langu. Nilimfinyangia mwenyewe. Na kutoka kwenye zile chubwi kamba ya wavu ilikuwa imekazwa, imevutwa na kitu kizito, inaelekea katikati ya picha na kuingia kwenye weupe.

Niliwaomba wanaume wazamie tena. Wakanihurumia, wakaenda. Mafuriko yalikuwa yameshazoa wavu, chubwi na kila kitu.

Nikampelekea mama mkwe ile picha. Nikamwonyesha chubwi, nikamwonyesha kamba. Nikamweleza habari ya taa na ubavu, na jinsi nilivyokatazwa. Alisikiliza mpaka mwisho, kidole chake kikiifuata ile kamba mpaka kwenye weupe, kikasimama hapo.

"Na mdomo wote huo ulio nao," akasema polepole. "Siku hiyo uliuacha wapi?"

Kisha akainuka, akalifunua kawa, akala zile ndizi za mwanawe yeye mwenyewe.