Pasi za Carmel

Kocha wa timu ya mpira wa kikapu ya daraja la pili kule Randburg alimsajili Carmel kutoka chuoni kwa sababu moja: binti huyo mfupi alitoa pasi bila kutazama. Alipoulizwa nani alimfundisha, alicheka tu.

Siku ya mechi yake ya kwanza ya kulipwa, mama yake, Marthe, msusi wa Rosettenville, alikuja na mteja aliyesukwa nusu kichwa, akamkalisha jukwaani mbele ya magoti yake, akaendelea na kazi.

Carmel akarusha mpira kwa nyuma, mwenzake akaudaka, akafunga.

“Eish, Carmel!” Marthe akafoka. “Mutoto gani weye! Angalia kwanza unakotupa!”

Kocha akageuka. Vidole vya mama vilikuwa bado vinasuka, mistari imenyooka, wala mwenyewe hakuvitupia jicho.