Mkokoteni Katika Maegesho ya Umma

Niliondoka Shianda kwa sababu moja: mama mkwe wangu, Mama Agneta, alikuwa ameitwa Kakamega kwa kesi ya mpaka. Shemeji yake alitaka ule upande wa shamba wenye nyumba ya Mama. Asiyefika, kesi huamuliwa bila yeye, na goti la Mama lilikuwa limegoma tangu Krismasi.

Asubuhi na mapema alikaa kiti cha nyuma, nami nikageuza kioo cha ndani kikatazama paa. Kwetu mtu hamkodolei mama mkwe macho, wala hali naye meza moja, na kumshika mkono ndiyo usiseme. Tulizungumza kama majirani waliotenganishwa na ukuta, kwa adabu na kwa sauti kubwa.

Njiani, trekta la miwa lilijikokota mbele yetu. Nililitukana moyoni tu, kwa heshima ya abiria wangu.

"Pole pole, mkwe," akasema. "Afisi haitatoroka."

Tulipofika kwenye lango la afisi ya ardhi tulilakiwa na bango kubwa: MAEGESHO YA UMMA. Chini yake palikuwa na kufuli, na kando ya kufuli, soja wa kulinda lango.

"Gari ya raia haiingiangi hapa," akasema. "Peleka huko sokoni."

Nikachungulia. Gari la yule shemeji wa Mama lilikuwa ndani, kivulini. Nafasi ya umma ilikuwa imetandikwa turubai, juu yake mahindi yameanikwa.

"Hayo mahindi ni ya nani?"

"Ya umma," akajibu bila kupepesa jicho.

Kutoka sokoni Mama asingefika, na mimi singeweza kumshika. Nilikasirika hadi masikio yakapata moto. Nikiwa bado natafuta matusi yanayofaa mbele ya mkwe, mama mmoja akaja akisukuma mkokoteni wa miwa. Soja akafungua lango bila swali.

"Na huyu je?"

"Huyu analetea wakubwa miwa. Wanakulanga na chai."

Mama Agneta akateremsha kioo cha dirisha. "Dada, hiyo miwa inaweza kusongea kidogo?"

Muuza miwa aliliangalia goti, akacheka, akasogeza mzigo. Alimshika Mama, akamketisha juu ya leso. Mimi nikashika mikono ya mkokoteni. Niligusa mbao tu, na mila zetu hazijasema lolote kuhusu mbao.

"Wacha lango hivyo," muuza miwa akamwambia soja. "Hii yote ni miwa."

Soja akatupisha, maana yeye mwenyewe ndiye mteja wa kwanza wa huyo muuza miwa kila siku. Gari langu nililiacha palepale, limeziba lango.

Hatukukaa sana kando ya mahindi kabla ya afisa wa mipaka kuingia kwa miguu, amefura.

"Gari ya nani hiyo imenifungia nje?"

"Ni yetu," Mama akasema kutoka mkokotenini. "Tuliambiwa haiingiangi."

Afisa akatazama mahindi. Akamtazama soja, ambaye ghafla alipata kazi ya kufanya nyuma ya nyumba.

"Ingia afisini, Mama."

"Ngazi siziwezi. Nisikize hapa."

Basi kiti kikaletwa, na faili nayo. Shemeji akashuka garini shingo upande. Alipoulizwa nani alipanda mkonge wa mpakani, alikazia macho mahindi. Mama alijibu kwamba ni marehemu mumewe, na shemeji ndiye aliyemshikia kamba ya kupimia. Afisa akaandika: mpaka ubaki palepale.

Wakati wa kurudi, soja alikuwa akikunja turubai. Nilichojifunza Kakamega ni hiki: ukitaka kuingia serikalini, pita na chakula chao.

Tukiwa njiani Mama akakohoa. "Mkwe, rudisha hicho kioo. Umenisukuma mbele ya huyo shemeji yangu. Aibu nimeiacha huko."

Nikakirudisha. Alikuwa analia, huku anatafuna muwa.