Mtumbwi Uliozamishwa kwa Mawe

Leonidas alikuwa na desturi moja ambayo wageni wa Ziwa Burigi waliiona ukatili: mtoto hakushika kafi kabla ya kupinduliwa. Alimpakia mtumbwini, akamfundisha kukaa chini na kutoa maji kwa kibuyu. Kisha, penye kina cha kifua, aliulalia ubavu mmoja mpaka wote wawili wakaingia majini. Aliyeweza kuushika mtumbwi na kurudi ndani bila kusimama ndiye aliyepewa kafi. Watoto wa ufuko mzima walipita mikononi mwake, na hakuna mama aliyemlilia wake.

Mwaka 1974 watu wote wa ufuko wakahamishiwa kijiji kipya, kando ya barabara, upande wa Nyakahura. Mtumbwi wa gogo ukikauka hupasuka, kwa hiyo Leonidas aliujaza mawe akauzamisha kwenye matete, kama mtu anayetarajia kurudi. Mwanawe wa mwisho, Gozbert, aliyelelewa kwa bibi yake milimani Ngara, ndiyo kwanza alikuwa amerejea nyumbani. Hakuwa amepinduliwa.

Leonidas akamwomba mwenyekiti wa kijiji, Privatus, ruhusa ya kumpeleka kijana ziwani siku za Jumapili. Privatus akamwuliza mkutanoni kama anataka kuwafundisha watoto kutoroka. Watu wakacheka.

"Hapa tunalima, mzee. Ukitaka kupiga kafi, piga kwenye vumbi."

Mwaka uliofuata aliomba tena, akanyimwa tena. Angeweza kwenda kwa siri. Lakini nyumba yake haikuwahi kuitwa barazani kwa kosa lolote, naye hakukubali ianzie kwake.

Vita ilipokuja, Gozbert akaenda na mgambo. Mwenzake Faustini ndiye aliyeleta habari: walikuwa wakivuka Mto Kagera, mtumbwi ukayumba, Gozbert akasimama.

Matangani watu walinong'onezana kwamba mwana wa mwalimu wa maji kafa maji. Waliocheka mkutanoni ndio hao hao walionong'ona. Leonidas aliwasikia, akaendelea kupokea pole.

Amani iliporudi, Privatus alikuja na wanawe wawili, kwa maneno laini. Sasa alitaka wajue maji. Watoto wakamwamkia shikamoo, Leonidas akaitikia marahaba, akawachukua hadi ziwani, baba yao akiwafuata. Waliyatoa mawe, na mtumbwi ukaibuka mzima, hauna ufa hata mmoja.

Alipowapindua, Privatus alijitosa na viatu vyake, akiita majina yao.

"Rudi ufukoni, Ndugu Mwenyekiti," Leonidas akamwambia. "Wako wanapinduliwa baba yao akiwaona."