Koili Moja au Mbili

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana ya magitaa mjini Kitale, sikugusa gitaa hata moja. Mwenye karakana, Singasinga mpole tuliyemwita Mwalimu, alinikalisha mbele ya waya wa shaba mwembamba kuliko unywele. "Zungusha," akasema. "Ukikatika, anza tena." Ulikatika mara nne kabla ya chakula cha mchana.

Nilichokuwa nikizungusha ni pikapu, na simaanishi gari. Ni kidude kinachokaa chini ya nyuzi za gitaa la umeme: sumaku iliyozungushiwa waya, inayonasa mtetemo wa nyuzi na kuupeleka kwenye spika. Pikapu ya koili moja, yaani msokoto mmoja wa waya, hutoa sauti wazi, hata kidole kikigusa uzi unakisikia, lakini huvuma. Ya koili mbili huua mvumo huo na kutoa sauti nene, ila kile kidole hupotea. Kila mteja hulazimika kuchagua.

Baada ya miaka kadhaa Mwalimu alinihamishia tawi la Bungoma, pale Kanduyi, chini ya meneja aliyekagua kila koili kwa kufumba macho na kusikiliza. "Macho hayajui hii kazi," alikuwa akisema. Meneja akahama, Mwalimu akafariki, wanawe wakaniachia meza na vifaa. Mke wangu naye akatangulia. Zilikuwepo siku ambazo sikuzungumza na mtu mpaka jioni.

Mwaka juzi alikuja Mama Nafula, mpiga besi wa kanisani. Mume wake, aliyekuwa akimpigia ngoma, alikuwa amefariki.

"Nataka besi yangu mwenyewe, fundi, si ya kanisa," akasema. "Ya kupiga nyumbani."

Nilimchongea ya mvule, nikasuka pikapu za aina zote mbili ili azijaribu. Tulianza na ya koili moja. Aliacha nyuzi zitulie.

"Unaona nilivyoisuka?" nikamwambia. "Haivumi hata kidogo."

Alinitazama. "Si inavuma, fundi. Inavuma kama friji ya zamani."

Niliinama mpaka sikio likagusa spika. Sikusikia kitu. Nikaweka kiganja juu ya sanduku lake, mtetemo ukanipanda mkononi.

"Imekuwa hivi tangu lini?" akauliza, safari hii kwa sauti ya juu.

"Sijui, Mama." Na kweli sikujua. Nilijiuliza ni wateja wangapi niliowashauri vibaya, na ni nani angeniambia, mimi ninayeishi peke yangu.

Nikafunga ya koili mbili, nikamwomba achague mwenyewe. Alipiga zote kwa muda mrefu.

"Rudisha ile ya kwanza," akasema. "Tangu mzee aende, ile nyumba imenyamaza sana. Wacha ivume."

Ndiyo kazi yangu ya mwisho. Nilifunga duka, nikarudi Kitale, nikapanga chumba mtaa wa Tuwan. Vijana wakiniuliza koili ipi ni bora, nawaambia kwanza wapime masikio.

Mwezi uliopita Mama Nafula alinialika kwake. Nilikaa karibu na spika, kiganja juu yake, akapiga. Alipomaliza aliniuliza kitu. Niliona midomo ikisogea tu.

Nikamwambia ni nzuri sana.