Tope la Chumba cha Baba Mkubwa

Mama Mkubwa, dada wa mama yangu, husuka mikeka, na mdomo wake hauna breki. Mtaa mzima unamwogopa, nami nikiwa wa kwanza. Mafuriko yalimchukulia ukindu wote aliouanika, yakang'oa na mikindu yenyewe iliyokuwa kando ya mto. Yakamchukua na mumewe, Baba Mkubwa, tuliyemkuta chumba cha nyuma amelala kifudifudi kwenye tope. Baada ya mazishi tuliisafisha nyumba yote isipokuwa chumba hicho. Alikifunga, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Bila ukindu alibaki kukaa kibarazani akivitazama vidole vyake. Kwa hiyo ulipokuja mradi wa kuwainua wasanii walioathirika, tuliupokea kwa mikono miwili. Atakayepitishiwa mkeka wa kuuzwa atapewa ukindu wa kumtosha mwaka mzima. Mama Mkubwa alikuwa ameokoa mikeka mitatu. Akaifua, akaianika kivulini jua lisiipaushe, akamngoja mkaguzi wa mradi, ambaye mtaani tulimwita Bwana Mradi.

Bwana Mradi alikuja na viatu vyeupe. Akaukunjua mkeka, akaugeuza, akasikitika.

"Mama, huu ni msafi mno."

"Kwani ulitaka mchafu?"

"Wanunuzi wanataka kuyaona mafuriko, mama. Madoa. Hata harufu ikibaki si mbaya, ndiyo hadithi yenyewe."

Nilidhani anatania. Nikacheka peke yangu kama punguani.

Hakuwa anatania. Majirani, ambao nao walikwisha kufua, wakaanza kuipaka mikeka yao udongo wa uani. Bwana Mradi akainusa mmoja mmoja, akatikisa kichwa. Tope la mafuriko lina weusi wake na uvundo wake, wa vyoo na mizoga, na mtaani lilikuwa limeshazolewa. Ndipo wakatujia na ndoo, wameongozwa na jirani yetu Mama Kelele, yule aliyelia kuliko wafiwa siku ya mazishi.

"Dada, tumesikia kile chumba bado kina tope," alisema. "Tunaomba kidogo tu."

Nilimtazama Mama Mkubwa, nikisubiri awatimue kwa matusi yale anayoyajua yeye. Akafungua pindo la kanga, akatoa ufunguo.

"Ingieni. Ila hamchoti kidogo. Mnazoa lote, mpaka niione sakafu."

Wakaingia, wamejifunga vitambaa puani. Walichota huku wakishindana pembe ipi ina tope jeusi zaidi. Mmoja akasema la karibu na kitanda ndilo linalonuka hasa. Kisha akakumbuka ni nani aliyekutwa pale, akajaza ndoo yake vile vile.

Mikeka ikapakwa, ikapigwa picha, ikapitishwa. Mitatu ya Mama Mkubwa ikakataliwa, ikabaki nyumbani. Sijivunii, lakini nilimwambia na yeye apake kidogo, wenzake wote wamepaka, atakula nini?

"Tope lile lilimziba pumzi baba yako mkubwa," alisema. "Leo nikalitandike sebuleni kwa watu, walikanyage?"

Tulikaa siku kadhaa tukisikia kicheko cha wanawake wakigawana ukindu nyumba ya pili.

Jioni moja Mama Kelele akaja na nusu ya mzigo wake wa ukindu kichwani. Hakutuangalia usoni. Alisema amemletea dada yake kidogo, wagawane, si ndio ujirani? Nikasimama mlangoni, nikamwambia arudi na uchafu wake alikotoka.

"Wewe, mpishe," Mama Mkubwa alisema nyuma yangu. Akamtua mzigo yeye mwenyewe. "Lete hapa. Huu nimeulipia mimi."

Akaingia nao kile chumba, akaketi kwenye sakafu tupu karibu na kitanda, akaanza kusuka.