VPN ya Simu ya Marehemu

Mzee alikuwa fundi wa kufuli, na majirani walimwita Komeo kwa kuwa mdomo wake haukufunguka ovyo. Mkewe alipofariki, ulizidi kukaza.

Marehemu aliacha simu. Ndani yake mlikuwa na sauti arobaini na moja alizorekodi akiwa kitandani, kwa ajili ya binti yao aliye mbali. Zitumwe nikishakwenda, alisema. Sasa betri ilikuwa imevimba kama shavu lenye jino bovu, na tundu la chaji limelegea: waya wa chaji ulishika kwa kubanwa tu, wa kompyuta haukushika kabisa. Simu ikizima moja kwa moja, sauti zimekwenda.

Binti akapiga.

"Baba, usizitume hivi hivi kwa mtandao wa bure wa hapo jengoni. Kila mtu anaupitia. Weka VPN kwanza. Ni kama bomba, wa nje haoni kinachopita. Na iwe moja, ikubali simu ya mama, simu yako na kompyuta ya dukani."

"Moja kwa zote?"

Hilo halikumkaa moyoni. Ufunguo mmoja wa milango yote alikuwa hamchongei hata mteja wa miaka.

Kesho yake akaja shemeji yake, mdogo wa marehemu, karani mstaafu.

"Shem, dawa imepatikana. VPN ya bure, inaingia kote!"

"Bure? Na wao wanakula nini?"

"We mzee, ukipewa maji utauliza kisima kachimba nani."

"Nitauliza."

Wakaijaribu kwenye simu ya mzee. Kioo kikaomba ruhusa: majina ya watu, kinasa sauti, picha. Kidole cha shemeji kikakimbilia kukubali. Mzee akamkamata mkono.

"Mimi nikija kukutengenezea kitasa, nitaomba kupekua kabati?"

"Aa, zote ndivyo zilivyo."

"Futa."

Ya pili ilikuwa ya kulipia, na picha ya ngao juu. Simu ya mzee, sawa. Kompyuta, sawa. Simu ya marehemu ikagoma: ya zamani mno.

"Basi tutume bila VPN, yaishe," shemeji akasema. "Leo leo."

Mzee akamtazama. Haraka ya nini? Simu si yake, binti si wake. Akaitia simu mfukoni.

Mzee hakuwahi kununua kufuli la kuuza kabla ya kumuuliza muuzaji: mwizi gani atalishinda hili? Aliyejibu "hakuna", alimrudishia mzigo wake. Akamwambia shemeji awaandikie wenye VPN watatu: yenu inashindwa wapi?

Wawili wakajibu maneno ya asali tupu. Wa tatu akaandika kwamba programu yao haiingii kwenye simu ya zamani hivyo, ila unaweza kuiunganisha kwa mkono kwenye mipangilio, na hatua ni hizi. Tena haimkingi mtu anayempa tapeli namba ya siri mwenyewe. Na anwani yako ya barua pepe tunaitunza.

Mzee akataka isomwe tena.

"Huyu."

"Kakutajia ubovu wake ndiyo ukampenda?"

"Ndivyo dada yako alivyonichukua mimi."

Shemeji akacheka, kisha akaacha ghafla.

Kuunganisha kulikula asubuhi nzima. Herufi moja ikikosewa, unaanza upya. Mwishowe ikashika kwenye vifaa vyote vitatu. Mzee akachagua sauti moja, fupi kuliko zote. Kama ni kupotea njiani, ipotee moja. Akamwonyesha shemeji mlango.

Shemeji hakuinuka.

"Nisikie na mimi, shem. Tangu tumzike sijasikia sauti yake."

Kumbe haraka yote ilikuwa hiyo. Mzee akasogeza kiti, akabonyeza.

"Mwanangu," marehemu akasema, kwa pumzi za kukatika, "baba yako atakwambia yuko sawa. Usimwamini."

Shemeji akageukia ukuta. Mzee akaituma. Haikupita muda simu yake ikaita, na binti alikuwa akilia.

"Baba, imefika. Baba, uko sawa?"

Mzee alizoea kujibu hilo upesi. Safari hii aliitazama kwanza simu ya marehemu.

"Hapana," akasema.

Kisha akaanza kutuma ya pili.