Dole Gumba Chini ya Bawa

Mama huyu ni fundi rangi wa magari. Marehemu mumewe alimwachia, katika banda la nyuma ya nyumba, ndege ya viti viwili waliyokuwa wakiiunda pamoja. Vilibaki kukamilishwa vifuniko vya faiba vya kuficha bawaba za flapu, kile kipande cha nyuma ya bawa kinachoshushwa wakati wa kutua.

Kifuniko cha kulia kilikwaruza kila flapu iliposhuka. Alipomulika tochi aliona sababu ndani yake: gundi iliyokauka ikiwa imevimba kuzunguka alama ya dole gumba la mumewe, mistari yote ikionekana.

"Piga msasa, shemeji," alisema mdogo wa marehemu, aliyekaa ndani ya ndege akivuta wenzo wa flapu. "Au ndege tuifanye kabati la nguo?"

"Nikiiacha hivi?"

"Flapu ikikwama hewani, utamfuata huko aliko."

Aliweka dole gumba lake juu ya ile alama, akalitoa, akachukua msasa. Alisugua mpaka pakawa laini. Vumbi hakulipuliza.

Flapu ilishuka kimya, mara mbili.

"Safi kabisa!" shemeji alisema.

"Shusha tena," alijibu, sikio likiwa bawani. "Bado namsikia."